Mgeni akitaka kuona kijiji cha Marekani: Yellow Springs, Cooperstown au Lake Placid?

Mama yangu alipokuja kututembelea Columbus, Ohio, tulimzungusha mjini siku tatu. Siku ya nne, chai ikiwa bado mezani, akaniambia: "Mwanangu, mji nimeuona. Sasa nipeleke kijijini." Mama ni mtu wa Muheza. Kwake yeye hujaijua nchi mpaka ufike kijijini, uone watu wanalima nini, wanachota maji wapi na wamezikwa wapi wazee wao. Nilikuwa nimekaa Marekani miaka mingi, na swali lake likanikuta sina jibu.

Tangu siku ile marafiki wengi wameniuliza swali hilohilo. Bibi amekuja kutoka Bukavu, au shemeji yuko likizo kutoka Mombasa, kuna siku mbili tatu za kutembea, twende kijiji gani? Vijiji nilivyovizoea na ninavyovirudia ni vitatu: Yellow Springs katika jimbo la Ohio, na Cooperstown na Lake Placid katika jimbo la New York. Havifanani hata kidogo. Nitavieleza kimoja kimoja, kisha utachagua kulingana na mgeni wako na mfuko wako.

Kwanza neno lenyewe

Aliyekulia Tanzania anajua kijiji kina mwenyekiti, mtendaji, vitongoji na ardhi ya kijiji. Marekani pia kijiji ni jambo la kisheria, ila kila jimbo lina sheria yake. Ohio hutazama idadi: makazi yenye serikali yake yakiwa na watu chini ya 5,000 ni kijiji, yakifika 5,000 yanakuwa jiji. New York haitazami hivyo. Huko kijiji huwa ndani ya eneo kubwa zaidi la utawala, na mkazi wake hulipa kodi za pande zote mbili. Kwa hiyo usimwahidi mgeni nyumba za udongo na mbuzi njiani. Atakuta barabara ya lami, benki, maktaba na polisi. Mwambie mapema asije akaona umemdanganya.

Mambo ninayoyapima ni manne. La kwanza ni historia, na hapo nauliza zaidi ya mwaka wa kuanzishwa: nani alipewa ardhi, na nani alizuiwa mlangoni? Nchi hii, ukijua nani aliruhusiwa kumiliki ardhi na kupiga kura, umeshajua nusu ya habari zake. La pili ni mahali penyewe, maji na milima yake. La tatu ni watu: wako wangapi, na wanaongezeka au wanapungua. La nne ni nani atakayefurahi huko.

YELLOW SPRINGS, OHIO

Historia

Hiki ndicho nilichompeleka mama, kwa hiyo nitakikalia zaidi. Kabla ya walowezi, eneo hili lilikuwa la Washawnee, mojawapo ya mataifa ya wenyeji asilia, na mji wao mkubwa ulikuwa karibu na Xenia ya leo, mwendo mfupi kwa gari. Mwaka 1825 William Mills na familia zipatazo 100 walijaribu kuishi hapa kwa ujamaa. Walifuata mawazo ya Robert Owen, yule mzaliwa wa Wales aliyekuwa akifanya jaribio kama hilo New Harmony, Indiana. Kazi pamoja, mali pamoja. Halikudumu. Sisi tuliokulia katika nchi ya vijiji vya ujamaa tunajua ugumu wa jambo lile, na tunajua pia kwamba likivunjika huacha kitu katika tabia za watu.

Reli ya Little Miami ilifika mwaka 1846 na kuleta biashara. Chuo cha Antioch kilianzishwa mwaka 1850, mkuu wake wa kwanza akiwa Horace Mann, na wanawake walisoma humo pamoja na wanaume tangu mwanzo. Coretta Scott, aliyekuja kuwa mke wa Martin Luther King, alisoma hapo. Chuo kilifungwa mwaka 2008, waliosoma hapo wakahangaika mpaka kikafunguliwa tena mwaka 2011.

Mwaka 1862, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea, mhubiri mpinga utumwa, Moncure Conway, aliwaleta hapa watu thelathini hivi waliokuwa watumwa katika shamba la baba yake huko Virginia. Wakatulia, wakajenga. Akaja pia Wheeling Gaunt, aliyezaliwa mtumwa Kentucky, akafanya kazi mpaka akajinunua mwenyewe, kisha akamnunua mkewe. Mwaka 1894 mzee Gaunt aliwapa wanakijiji ekari tisa za ardhi kwa sharti moja: fedha za kukodisha ardhi ile zinunue unga wa kuwapa wajane maskini wakati wa Krismasi. Baadaye sukari ikaongezwa. Mpaka leo wafanyakazi wa kijiji hupita nyumba kwa nyumba wakiwapelekea wajane unga na sukari.

Nilipomweleza mama habari hiyo tukiwa katika bustani yenye jina la Gaunt, alinyamaza kwanza. Kisha akasema, "Huyo aliweka wakfu." Sijapata neno bora kuliko hilo.

Lakini wema wa kijiji usikufumbe macho. Mwaka 1964 palikuwa na kinyozi mmoja aliyekataa kunyoa watu weusi. Wanafunzi na wanakijiji waliandamana, polisi wakatumia maji na mabomu ya machozi, zaidi ya watu 100 wakakamatwa. Na lipo la karibuni linalotuhusu sisi wahamiaji moja kwa moja. Mwaka 2019 wapiga kura wa Yellow Springs walikubali wakazi wasio raia wapige kura katika uchaguzi wa kijiji. Jimbo likazuia, na mwaka 2022 wapiga kura wa Ohio nzima wakapitisha katika katiba ya jimbo kwamba ni raia tu. Kijiji kilikuwa tayari kutupa kura na jimbo likasema hapana. Napenda kila mhamiaji anayepita hapo alijue hilo.

Mahali pake

Jina linatokana na chemchemi yenye chuma kingi. Maji yanatoka safi, lakini mwamba yanapopita umegeuka rangi ya kutu, kati ya njano na machungwa. Chemchemi iko ndani ya hifadhi ya Glen Helen, ekari zipatazo 1,000 za msitu, mawe na vijito. Hugh Taylor Birch alimpa chuo msitu huo mwaka 1929 kwa kumbukumbu ya binti yake Helen. Kwenda chini kuna ngazi za mawe. Mama alishuka polepole, kupanda akapumzika mara mbili. Karibu yake kuna mbuga ya John Bryan na korongo la Clifton, ambamo mto Little Miami unapita katikati ya kuta za mawe.

Nje ya kijiji ni mashamba, mahindi na soya mpaka macho yachoke. Mama alisimama ukingoni mwa shamba moja akauliza, "Haya yote nani huyapalilia?" Nikamwambia hapalilii mtu hapa, ni dawa na mashine. Alitikisa kichwa muda mrefu.

Watu

Sensa ya 2000 ilihesabu watu 3,761, ya 2010 watu 3,487, ya 2020 watu 3,697. Kilishuka kikapanda kidogo. Hata hivyo nyumba zimekuwa ghali, na wakazi weusi ni sehemu ndogo zaidi kuliko ilivyokuwa miaka ya 1970. Kijiji cha Gaunt kinazidi kuwa kijiji cha wenye uwezo, na wanakijiji wenyewe wanalizungumzia jambo hilo kwa masikitiko.

Kinamfaa nani

Anayeishi Columbus, Dayton au Cincinnati, kwa sababu unaenda na kurudi siku hiyohiyo. Kutoka Columbus ni saa moja hivi kwa gari. Kinamfaa mzee anayependa hadithi za watu kuliko majengo. Ukiwa na nusu siku ya ziada, Wilberforce iko karibu, penye chuo kikuu cha watu weusi kilichoanzishwa mwaka 1856 na makumbusho ya taifa ya historia ya Wamarekani weusi. Hakimfai anayetaka milima mirefu au mambo makubwa ya kupiga picha.

COOPERSTOWN, NEW YORK

Historia

Hapa mwanzo wake ni biashara tupu ya ardhi. William Cooper alifika baada ya vita vya uhuru, akapata eneo kubwa lililokuwa la mataifa ya Wairokwa kabla hawajasukumwa, akaanzisha makazi mwaka 1786 na kuwauzia walowezi viwanja. Kilipata hadhi ya kijiji mwaka 1807 kwa jina la Otsego, na mwaka 1812 kikaitwa Cooperstown. Mwanawe, James Fenimore Cooper, ndiye mwandishi wa riwaya aliyelifanya ziwa la hapo lijulikane.

Fedha zilizokijenga kijiji cha leo zilitoka kwenye kitu unachokijua vizuri: cherehani ya Singer. Zile nyeusi zenye maua ya dhahabu, ambazo mafundi wetu bado wanazikanyaga barazani. Isaac Singer alikuwa na mshirika wake mwanasheria, Edward Clark, na kampuni yao ilianza mapema, miaka ya 1850, kuuza cherehani kwa malipo ya kidogo kidogo. Clark akatajirika, akaipenda Cooperstown, na mwaka 1876 akajenga mnara mdogo wa mawe ziwani ambao bado unasimama. Ni mjukuu wake, Stephen Clark, aliyeanzisha jumba la heshima la besiboli, ambamo wachezaji bora huingizwa kwa kutukuzwa, lililofunguliwa tarehe 12 Juni 1939.

Kwa nini besiboli hapa? Tume moja ilitangaza mwanzoni mwa karne ya 20 kwamba mchezo huo ulibuniwa Cooperstown mwaka 1839 na Abner Doubleday. Wanahistoria wameikataa hadithi hiyo. Mwaka ule Doubleday alikuwa mwanafunzi wa chuo cha kijeshi cha West Point. Jumba lilijengwa juu ya hadithi isiyo ya kweli, na yaliyomo ndani ni ya kweli kabisa. Nenda ukaone habari za Jackie Robinson, mweusi wa kwanza kucheza ligi kuu katika karne ya 20, aliyeingizwa mwaka 1962, na Satchel Paige, aliyeingizwa mwaka 1971 baada ya kutumia miaka yake bora katika ligi za weusi kwa sababu ligi kuu zilimfungia mlango. Mgeni asiyejua besiboli hata kidogo ataelewa sehemu hiyo.

Mahali pake

Kijiji kiko kusini mwa ziwa Otsego, lenye urefu wa kilomita 14 hivi, jembamba, limezungukwa na vilima vya miti. Mto Susquehanna unaanzia hapohapo. Kuna mahali unasimama unaona ziwa linageuka kuwa kijito ambacho mtu angeweza kukivuka akiwa na maji ya magoti, na kijito hicho kinakwenda zaidi ya kilomita 700 mpaka ghuba ya Chesapeake. Mtu wa Jinja, aliyezoea kuona Nile ikiondoka ziwani, atapapenda hapa. Mwezi wa kumi majani yanapobadilika rangi, sijaona ziwa zuri kuliko hili.

Watu

Mwaka 2000 walikuwa 2,032, mwaka 2010 walikuwa 1,852, mwaka 2020 wakawa 1,794. Ndicho kidogo kuliko vyote vitatu, na kinapungua taratibu. Ila ni makao makuu ya kaunti na kina hospitali kubwa ya Bassett, ambayo huajiri watu wengi sana kwa kijiji cha ukubwa huo. Kiangazi hali hugeuka: wageni hujaa, na wikiendi ya kuwaingiza wachezaji wapya jumbani inaweza kuleta makumi ya maelfu ya watu. Epuka wikiendi hiyo kama hamna haja na besiboli, maana vyumba havipatikani na bei hupanda vibaya.

Kinamfaa nani

Vijana wanaopenda michezo, na familia yenye watoto waliozaliwa Marekani. Mtoto aliyekulia hapa atakuwa ndiye mwenyeji siku hiyo na babu atakuwa mwanafunzi, na hilo peke yake linafaa safari. Kinawafaa pia wanaoishi Utica, mwendo wa saa moja hivi, ambako kuna Wasomali Wabantu, baadhi yao Wazigua ambao mababu zao walitoka Tanzania. Mtaa mkuu ni tambarare, mzee atatembea bila shida. Ubaya wake ni kwamba maduka karibu yote huuza kitu kimoja, kofia na fulana za besiboli. Baada ya duka la tatu mama yangu angeomba kurudi nyumbani.

LAKE PLACID, NEW YORK

Historia

Wengi wanakijua kwa michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi, ya 1932 na ya 1980. Tarehe 22 Februari 1980 vijana wa Marekani, wengi wao wa vyuoni, waliifunga timu ya Urusi ya Kisovyeti 4 kwa 3 katika hoki ya barafu, na Wamarekani wa umri fulani bado wanasimulia walikuwa wapi siku hiyo. Ukumbi ungalipo, unaingia unakaa kwenye viti.

Mimi sendi kwa ajili ya hoki. Nje kidogo ya kijiji, katika eneo la North Elba, kuna shamba la John Brown, mzungu aliyepigana na utumwa. Katiba ya jimbo la New York ya mwaka 1821 ilimtaka mwanamume mweusi awe na mali ya dola 250 ndipo apige kura, na mzungu hakuwekewa sharti hilo. Mwaka 1846 tajiri mpinga utumwa, Gerrit Smith, akaamua kugawa ekari 120,000 za milimani kwa wanaume weusi 3,000, ili wapate ardhi na kura kwa pamoja. Makazi mamoja yakaitwa Timbuctoo, kwa jina la mji ule wa Mali. Udongo ulikuwa mbaya, baridi kali, wengi walikuwa watu wa mjini wasiojua kukata msitu. Wachache walibaki. John Brown alihamia mwaka 1849 kuwa jirani yao. Alinyongwa Desemba 1859 kwa kuvamia ghala la silaha la Harpers Ferry akitaka kuanzisha vita dhidi ya utumwa, na mwili wake ukaletwa hapa kuzikwa. Waliomwimbia kaburini ni familia ya Epps, weusi wa Timbuctoo.

Halafu mlango ukafungwa. Melvil Dewey, yule aliyebuni namba zinazobandikwa migongoni mwa vitabu katika maktaba zetu zote, alianzisha klabu ya mapumziko hapa mwaka 1895 na kuwazuia Wayahudi na weusi. Malalamiko yalimfanya aache kazi ya kuongoza maktaba ya jimbo. Mwanawe ndiye aliyepigania Olimpiki ya 1932 ije. Ardhi ambayo Smith aliigawa ili watu weusi wapige kura ikawa, ndani ya miaka hamsini, mahali ambapo mtu mweusi haruhusiwi kulala kama mgeni. Ukisimama leo kwenye kaburi la Brown unaona minara ya kuruka na skii nyuma ya miti. Mpe mgeni wako muda pale.

Mahali pake

Milima ya Adirondack, ndani ya hifadhi ya ekari zipatazo milioni 6. Mlima Whiteface una mita 1,483, na Marcy, mrefu kuliko yote New York, una mita 1,629. Kwa aliyekulia chini ya Kilimanjaro hivyo ni vilima, lakini msitu wake ni mzito na baridi yake si ya mchezo. Jambo linalowachanganya wengi: kijiji hakiko kwenye ziwa Placid bali kwenye ziwa dogo la Mirror, ambalo unaweza kulizunguka kwa miguu kwa saa moja na nusu.

Watu

Watu 2,638 mwaka 2000, 2,521 mwaka 2010, 2,205 mwaka 2020. Hapa ndipo kushuka kulipo kukubwa, na sababu moja inaonekana kwa macho: nyumba nyingi hupangishwa wageni kwa usiku, kwa hiyo mpishi na mhudumu wa hoteli hulala mbali na kazi yao. Serikali ya kijiji imeanza kuweka mipaka.

Kinamfaa nani

Wenye miguu mizima, gari zuri na siku zisizopungua mbili. Kutoka Albany ni saa mbili na nusu hivi. Jamaa wa Kongo walioko Montreal wanafika kwa saa mbili, ila kuna mpaka, hakikisheni viza ya mgeni inaruhusu kuingia na kurudi. Ndicho ghali kuliko vyote vitatu.

Kwa hiyo uende wapi?

Mgeni ni mzee, anauliza watu wanaishije, na siku ni moja: Yellow Springs, Mei au Septemba. Piteni Glen Helen asubuhi kabla ya jua kali, na magoti yakiwa mabovu baki juu, msishuke ngazi.

Mna watoto wa shule na babu yao, na mnataka wazungumze: Cooperstown. Lipieni jumba, kisha mkae ziwani jioni. Fundi cherehani katika ukoo, huyo msimwache nyuma.

Mgeni ni mwalimu, mwanafunzi wa historia, au mtu aliyekwisha kuona mengi: Lake Placid, kwa ajili ya kaburi na Timbuctoo. Kama bajeti ni ndogo, laleni mji wa jirani, ingieni asubuhi.

Anayetafuta pa kuishi na si pa kutembea ana hesabu nyingine. Muuguzi aangalie Cooperstown kwa sababu ya hospitali. Mwenye kazi Dayton anayetaka watoto wakulie kijijini aangalie Yellow Springs, ila aulize bei za nyumba kabla hajawaahidi watoto. Lake Placid nisingemshauri mtu bila kazi mkononi na nyumba iliyothibitishwa.

Na popote mwendapo New York, hata Julai, mbebeeni mzee sweta. Usiku ziwani kuna baridi.